Pumzi za Filimbi ya Kwanza

"Samahani mdogo wangu, kabla hujakata simu. Hizi alama za kupumua kwenye nota zako, ni wewe uliyeziomba?"

Aliyeulizwa alikuwa msichana anayepiga filimbi katika okestra. Mwalimu alikuwa ameketi mezani sebuleni, spika za masikioni zimemning'inia shingoni, nota za okestra nzima zimetandazwa mpaka kwenye sahani ya mumewe iliyofunikwa. Kesho yake alitakiwa kusimama ukumbini, filamu ikishaonyeshwa, awachambulie watu muziki wake. Ilikuwa filamu ya zama za kale, ya binti wa tajiri anayemngoja dirishani mchumba aliyekwenda vitani. Muziki aliutunga mume wa Mwalimu mwenyewe. Na kila alipohojiwa redioni, mtunzi huyo alisema neno lile lile: wimbo wa filimbi wa yule binti nimemtungia mke wangu.

Mwalimu aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, maana hakuwa na mengine ya kushika. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, lakini aliyeisikia saa ya ukutani ikitembea ni yeye peke yake.

"Dada, naomba ibaki kati yetu," mpiga filimbi akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nina pumu. Niliificha, maana nani atampa mwenye pumu filimbi ya kwanza, inayobeba wimbo wote? Sikumwambia mtu yeyote. Siku ya kurekodi nafungua nota, nakuta zimebadilishwa. Kila ninapoishiwa pumzi, nimewekewa pa kupumua."

"Na fidla je? Kila ukiingia wewe, zinashushwa sauti mpaka karibu zipotee."

"Ndiyo, ili nisipulize kwa nguvu. Siku ile nusura nilie, dada. Sijui alijuaje. Mumeo anajua kusikiliza. Una bahati wewe."

"Amewahi kukwambia lolote?"

"Lolote kama lipi?"

"Basi, mdogo wangu. Tutaonana kesho."

"Tutaonana. Nakuja na mchumba wangu, nimemsifia sana uchambuzi wako."

Mwalimu akaiweka simu, kisha akaichukua tena, akatafuta ujumbe wa zamani. Aliupata wakati wa mvua, mumewe akiutunga wimbo huo huo chumba cha pili, yeye yuko kitandani na nimonia. "Mke wangu, funga mlango. Kikohozi kinaingia kwenye rekodi." Na yeye, mke mwema, akainuka akaufunga.

Wivu wa kumfumania mume na mtu una pa kuanzia, unaweza hata kupiga kelele. Huu wa kwake haukuwa na pa kuanzia. Aliona uchungu tu, na aibu ya kuuona.

Mlango ukafunguliwa. Mtunzi akaingia anapiga mluzi, roho nyeupe kabisa.

"Mwalimu wangu! Umefika wapi na uchambuzi?"

"Nimefika kwenye pumzi."

Mluzi ukakatika.

"Pumzi zipi?"

"Za filimbi. Ulijuaje kuwa ana shida ya kifua?"

Mtunzi akavuta kiti, akaketi. "Nilimsikia mazoezini. Akimaliza mstari anavuta hewa taratibu, kwa kujificha, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Okestra nzima hawakusikia. Nilisikia mimi tu."

Aliyasema hayo kwa uso laini ambao mkewe hakuwa ameuona kwa miaka mingi. Kisha akajishtukia.

"Mke wangu, nakula yamini, sijamshika hata mkono. Yeye mwenyewe hajui kitu."

"Najua. Nimeongea naye."

"Sasa kosa langu liko wapi? Nimemsaidia mfanyakazi mwenzangu."

"Unampenda?"

Mtunzi akajifanya anapanga karatasi zilizotandazwa mezani.

"Itapita," akasema.

"Umenyamazisha okestra nzima ili yeye apumue. Mimi ukanitumia ujumbe nifunge mlango."

"Mlango gani?"

"Nilipoumwa."

"Uliumwa lini?"

Hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza kweli, amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka. Mwalimu angemsamehe uongo, lakini kwa swali lile alivunjika moyo.

"Nililazwa hospitali. Jirani ndiye aliyenipeleka, wewe hukutoka chumbani mwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakohoa nyuma ya ukuta wako, mume wangu. Nilidhani kwa masikio yako hayo inatosha."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mwalimu aliuchambua muziki kwa haki: jinsi ngoma zinavyomsindikiza mchumba vitani, jinsi selo, zile fidla nene, zinavyobaki na binti dirishani. La pumu hakulitia mdomoni. Alipomaliza watu wakapiga makofi, na mshereheshaji, kwa kutaka kunogesha, akamwongezea swali.

"Mwalimu, tumalizie na tamu. Bwana ametuambia wimbo ule ni wako. Unajisikiaje ukiusikia?"

Watu wakacheka kwa furaha. Mtunzi alikuwa mstari wa mbele, anatazama viatu vyake. Nyuma yake mpiga filimbi ameegemea bega la mchumba wake, anatabasamu hana habari. Uongo mmoja mdogo tu, na Mwalimu angerudi nyumbani kwake na mumewe, chakula kikafunikwa kama kawaida.

"Ni wimbo mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga," akasema. "Aliyeutunga alikuwa anampenda anayemtungia, hilo linasikika kila mstari. Ila hakunitungia mimi."

Mshereheshaji akacheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akawashukuru wote kwa kuja.

Jioni, Mwalimu akiwa kwa dada yake, simu ikaita mara nyingi bila kupokelewa. Kisha ukaingia ujumbe: "Mke wangu, rudi nyumbani tuongee. Safari hii nitakusikiliza."

Aliusoma huku machozi yanamtoka. Akajibu:

"Najua unaweza. Hilo ndilo linaloniuma."

Akazima simu, akamwomba dada yake shuka la kulalia.