Betri ya Gitaa la Mjomba

Jumamosi mchana duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu hadi mlangoni. Dada mmoja mpiga gitaa, blauzi ya manjano, hereni kubwa kama bangili, alijipenyeza hadi kaunta na gitaa lake mgongoni. Alipogeuka kuomba njia, shingo ya gitaa ilimzaba kofi mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Pole, kaka!"

"Nimeshapoa. Na shavu la pili je, hulitaki?"

Alikuwa mwokaji mikate, unga ungali umemganda kwenye nyusi. Wote wawili walikuwa wamefuata kitu kimoja, betri ndogo ya mraba, na muuzaji alikuwa amebakiwa na moja tu.

"Mimi nina harusi ya kupiga jioni hii," dada alisema. "Gitaa hili bila betri ni ubao mtupu."

"Na mimi nina bibi mzaa mama. Kile kidude cha kunusa moshi jikoni kimeishiwa betri, kinalia ti, ti, kutwa nzima. Amesema nisipokinyamazisha, atakinyamazisha yeye kwa mchi."

"Basi niazime. Kesho nakurudishia."

"Nitakupataje?"

"Si kwa simu? We vipi!"

Ndivyo walivyopeana namba, na kidude kikapata mchi.

Gitaa lenyewe lilikuwa la mjomba wa yule dada, aliyelipiga kwenye madansi kabla dada hajazaliwa. Lilikuwa na rangi ya sukari iliyoungua, imebanduka pale mkono unapoegemea. Nyuma lilikuwa na kimlango cha betri, mbele swichi ndogo. Ukiipandisha, linalia kama vioo vinavyogongana. Ukiishusha, linanguruma kama lori linalopanda mlima. Ukiiacha katikati, linabembeleza kama mtu anayeomba msamaha. Harusini wazee walicheza, vijana walicheza, na mwokaji, aliyejialika kwa kisingizio cha betri yake, alisimama kando ya spika mdomo wazi.

Kesho yake simu ya mwokaji ikaita.

"Haloo, mwenye betri? Betri yako imebaki nzima."

"Na mimi je? Mbona huulizi kama nimebaki mzima?"

Dada alicheka mpaka mama yake akachungulia chumbani.

Mapenzi yakaanza hapo. Mwokaji akawa hakosi mazoezi ya bendi ya dada kwenye chumba chao, ambako ndiko gitaa lilikuwa likilala. Siku moja dada alimwelekeza: "Waya huu wa spika usiachwe umechomekwa kwenye gitaa. Hata lisipopigwa, gitaa linainywa betri mpaka tone la mwisho."

Mwokaji alimsikia vizuri. Vizuri mno. Tangu hapo, mazoezi yakiisha na dada akienda kunawa uso, yeye huuchomeka waya tena, taratibu, kama anayefunika sufuria. Na kesho yake simu haikukosa.

"Mpenzi, limezimika tena! Sijui nimepatwa na nini, nasahau kuchomoa waya."

"Usijali, sukari yangu. Nakuja na betri. Na keki."

Ikawa hivyo karibu mwezi mzima. Kisha asubuhi moja hoteli kubwa ya mjini, iliyokuwa ikitafuta bendi ya kuiajiri, ikawaita ghafla kwa majaribio. Mpiga dramu akapitia kuchukua vyombo kwenye chumba cha mazoezi, dada akatokea nyumbani moja kwa moja. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Ilipofika zamu ya gitaa, dada alifumba macho, akapiga, na ukumbi ukasikia kucha zikikwaruza nyuzi. Meneja akakunja mikono, akashukuru, akaondoka.

"Waya uliukuta umechomekwa?" dada aliuliza.

"Ndiyo," alijibu mpiga dramu. "Jana nilimwona mwokaji wako akiuchomeka. Nikajua umemtuma."

Simu ya safari hii haikuwa na sukari.

"Ulikuwa unaliua gitaa la mjomba ili upate nini?"

"Ili unipigie."

"Si ungesema tu unataka kuniona!"

"Niliona haya."

"Mwezi mzima mama ananiombea, nadhani akili imeniruka, kumbe ni haya zako!" Akakata, akamzuia kabisa asimpigie tena.

Mwokaji hakulala. Kulipokucha alikwenda hotelini na aproni yake, akasimama mbele ya meneja.

"Aliyezima lile gitaa ni mimi."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana. Ni mpenzi."

Meneja akamtaka aeleze tangu mwanzo. Walipofika kwenye waya alikuwa akijifuta machozi ya kicheko, akampigia mkewe na yeye asikie. "Waambie warudi kesho," alisema.

"Siwezi. Amenizuia."

"Basi nitapiga mimi."

Walirudi. Dada, katika gauni la kijani lililomkaa sawasawa, aliweka betri mpya kwa mkono wake mwenyewe. Gitaa likalia, likanguruma, likabembeleza. Wimbo wa tatu haukuisha, kazi wakawa wameipata. Ndipo meneja akamweleza ni nani aliyewaombea.

Kutoka hapo dada alikwenda moja kwa moja hadi duka la mikate.

"Foleni, mwanangu!" alimkemea mama mmoja mwenye kikapu aliyeingia nyuma yake.

Akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, mwokaji aliuliza bila kuinua macho, "Nikupe nini?"

"Maelezo. Kwa nini hukuniambia ulikwenda hotelini?"

Trei nusura imponyoke. "Ulinizuia."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Na sasa ukitaka kuniona, utafanyaje?"

Mwokaji akajifuta mikono. "Nitasema. Nataka kukuona. Leo, kesho, kila siku. Nataka uwe mke wangu."

Foleni nzima ikasogea kusikiliza.

"Hiyo ni posa, au mnatuchelewesha tu?" aliuliza mama wa kikapu.

"Ni posa, mama."

"Haya, binti, jibu! Mikate inaungua huko ndani!"

"Nimekubali," alisema dada. "Ila hasira zinaendelea."

Mikate iliungua kweli, trei nzima. Mama wa kikapu alichukua miwili bila kulalamika, na aliyemfuata naye vivyo hivyo. Nyuma ya kaunta dada aliwafungia kwenye karatasi mmoja mmoja, gauni la kijani limejaa unga, huku akimnunia mchumba wake kwa bidii zote.