Pacha Alivyoifunga Kliniki Yangu

"Hao wagonjwa wananuka, daktari. Ukimpa mwenzangu kile chumba, wagonjwa wengine watatukimbia."

Nilikuwa nje ya ofisi ya mganga mkuu, kopo la rangi mkononi. Nikasimama kusikiliza.

Ile sauti... ilikuwa ya Pacha.

Ndugu zangu, hilo ni jina tulilopeana tangu chuo cha uuguzi. Mama yangu humwita mwanangu.

Na yeye ndiye niliyemweleza ndoto yangu kwanza: kliniki ya vidonda sugu, na ya wale waliopasuliwa utumbo, choo kikawa kinatokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. Watu wanaojifunga matambara. Wanaokaa nyuma kabisa msibani, na harusini hawaendi.

Chumba tulikipaka rangi pamoja. Yeye ndiye aliyenishikia ngazi.

Kumbe mkono mmoja ngazi, mwingine jembe la kunichimbia!

Chumba kikageuzwa stoo. Wagonjwa niliowaita wakafika, nikawa sina pa kuwaweka.

Mzee mmoja akanipoza, "Usijali binti yangu, sisi tumezoea."

Nikamfuata Pacha chumba cha kubadilishia nguo.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa?"

Akafunga mlango. Akapandisha gauni la kazi.

Wapendwa... tumboni palikuwa na mfuko. Umebandikwa kwa plasta ovyo ovyo, ngozi imechubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto.

"Ile likizo yangu ndefu sikwenda nyumbani," akasema. "Nilipasuliwa, hospitali ya mbali."

"Na hukuniambia?"

"Ungefungua kliniki, wauguzi wote wangejifunza dalili za mtu mwenye mfuko. Ningejificha wapi?"

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Chumba ningesamehe. Lakini mimi, wa kula naye sahani moja, kumbe aliniona mtu wa kumcheka?

Nilimsafisha. Nikampima, nikamkatia mfuko unaomkaa sawasawa.

"Haiumi," akanong'ona, kama haamini.

Kesho yake alikwenda kwa mganga mkuu, akafunua tumbo, akasema yote. Stoo ikahamishwa wiki hiyohiyo.

Kliniki ipo, na inajaa. Pacha huja kama wagonjwa wengine, namhudumia vizuri. Soga zetu ndizo hazijarudi. Nikimtazama, bado nasikia aliyoyasema ofisini kwa mganga mkuu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimejionea kuwa wapo wanaouficha wao kwa kuwavua nguo wengine.

Kama una lako linalokuuma, mwambie anayekupenda kabla hujamuumiza.