Alama Isiyo na Ncha

Kila alipotoka shule, Kipua alivua viatu mlangoni, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni, ndipo akaingia katika chumba cha pasi cha shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia nguo maji na kuzikunja. Kushika pasi? Thubutu! Shangazi alishaapa kwamba mtoto hashiki pasi humu ndani, na Kipua hakuwahi kuigusa hata siku moja. Jina hilo walimpa nyumbani tangu mdogo, maana uji ukianza kuungua, yeye ndiye wa kwanza kunusa.

Shangazi alipenda unadhifu kupita kiasi. Kila kitu kikunjwe, kifungwe, kifichwe. Hata waya wa ekstensheni, wenye urefu wa mita kumi, aliuviringa ukawa duara, akaufunga kwa vitambaa na kuusukumia kwenye rafu chini ya meza. Nyuma ya kisanduku chake cha soketi palikuwa na maandishi, lakini yeye aliyaona machafu, akabandika ua la karatasi juu yake. Wiki ile alinunua pasi ya pili ili moja ikipoa nyingine iwe tayari, akazichomeka zote mbili humo humo.

Jumatatu Kipua alinusa kitu. Aliinama chini ya meza, akagusa waya, akarudisha mkono haraka.

"Shangazi, kunanuka plastiki. Na huu waya una moto!"

"Ulitaka uwe na barafu? Hebu kunja nguo. Siku hizi watoto ndio mafundi, sisi wazee hatujui kitu!"

Wateja waliokuwa mlangoni walicheka. Kipua akarudi kukunja nguo.

Jumatano alipofika, alimkuta Shangazi katikati ya chumba, ovaroli ya buluu mkononi, uso umekunjamana. Mgongoni mwa ovaroli palikuwa na doa kubwa la kuungua. Ilikuwa ya fundi umeme, mama mmoja aliyezoea kupanda nguzo za umeme, naye alitarajiwa wakati wowote.

"Jana niliiacha humu ndani nikaenda dukani. Nani aliyeshika pasi?"

"Si mimi, Shangazi. Nilikunja tu."

"Basi pasi ilitembea yenyewe! Umeunguza, na sasa unaongeza uongo juu yake. Akija mwenyewe, utamwomba radhi mbele ya watu wote."

Mama mteja aliyekuwa mlangoni alitikisa kichwa na kusema, "Watoto hawa!" Jamani! Hata hakuuliza. Machozi yalimlenga Kipua, lakini yalikuwa ya hasira. Angeomba radhi kwa nguo ambayo hakuiunguza? Na angeomba kwa maneno gani? Aliitandaza ovaroli mezani na kuitazama vizuri.

Fundi umeme aliingia, mkanda wa vifaa kiunoni. Shangazi alimsukuma Kipua mbele. "Haya, sema!"

"Shikamoo, Fundi," alisema Kipua. "Nguo yako imeungua, na pole sana. Lakini siombi msamaha, kwa sababu sikuiunguza mimi. Pasi ina ncha mbele. Hili doa halina ncha. Ni mviringo, tena lina mistari mistari."

"Mnamsikia?" Shangazi alifoka. "Mkaidi huyu!"

"Marahaba, mwanangu," alisema fundi. Alipitisha kidole juu ya doa, akabandua chembe nyeusi iliyoganda pale. "Hii ni plastiki. Mama, jana uliiweka wapi hii nguo?"

"Kwenye rafu, hapo chini. Juu ya..." Shangazi aliinama, akatazama chini ya meza.

Fundi alizima swichi ya ukutani, akachomoa plagi, akavuta lile duara la waya. Upande mmoja ulikuwa umeyeyuka, mizunguko yake imeshikana. Aliuweka juu ya doa. Ulienea barabara.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Kisha akang'oa lile ua la karatasi na kumpa Kipua kisanduku. "Tusomee."

Kipua alisoma kwa sauti: "Waya ukikunjuliwa wote, wati elfu tatu. Ukiwa umeviringwa, wati elfu moja."

"Na pasi hizi?"

Kipua aligeuza moja. "Elfu moja na mia mbili kila moja. Mbili ni elfu mbili na mia nne."

"Gawanya kwa volti mia mbili na arobaini."

"Ampea kumi."

"Ampea kumi, waya ulionyooka ungezibeba bila shida, kwa sababu joto lake linatoka. Ukiuviringa, joto halina pa kwenda, na uwezo wake unashuka mpaka ampea nne tu. Bahati yenu ni ovaroli tu iliyoungua. Kingeungua chumba."

Mlangoni hapakucheka mtu. Yule mama wa "watoto hawa" alikuwa anatazama viatu vyake. Shangazi aliketi kwenye kigoda, akauchukua ule waya, akautazama upande ulioyeyuka. Kisha akasimama.

"Nilimsema mbele yenu, na mbele yenu nafuta kauli yangu," alisema. "Mtoto aliniambia Jumatatu, nikamfanyia mzaha. Kosa ni langu, nikamtwika yeye, nikamwita mwongo. Nisamehe, mwanangu. Kila waya una kiasi chake cha kubeba, na ukiuzidishia unaungua hata kama umeuficha vizuri. Na mtu akisema kweli asikilizwe, awe mkubwa au mdogo."

Kipua alifuta macho kwa kiganja. "Nimekusamehe. Lakini uliniumiza, Shangazi."

"Najua."

Waya ule ulitupwa siku hiyo hiyo, na mpya ukanyooshwa wote kando ya ukuta, ukionekana mwanzo mpaka mwisho. Shangazi alijitolea kumshonea fundi ovaroli nyingine.

"Hii yenye doa nitaivaa kazini," alisema fundi. "Wenzangu wataniuliza nani aliiunguza."

"Waambie ni mimi," alisema Shangazi.