Pini Isiyouma

Chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Pacha ndicho kilichokuwa kiwanda chao. Cherehani mbili za miguu zilitazamana, moja yake na moja ya mumewe. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, pasi, chaki na rundo la vitambaa. Pini zilikuwa kila mahali. Mezani, sakafuni, kwenye mapazia, hata kwenye sahani ya kifungua kinywa.

Majirani waliwaita kwa jina la watoto wao: Baba Pacha na Mama Pacha. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni. Basi wazazi walibaki na nyumba nzima ya kutaniana, na kwa utani hawakuwa na mpinzani.

"Mama Pacha, mshono wako huo umepinda kama njia ya mlevi."

"Na shati ulilovaa alishona nani? Mbona kola inaangalia kwa jirani?"

Ndivyo walivyoishi miaka ishirini na miwili, na Mama Pacha hakuwahi kuchoka kuisikia sauti ile ng'ambo ya meza.

Wiki ile walikuwa na kazi kubwa. Kiwanda cha mikate kiliagiza makoti arobaini ya wafanyakazi, na yalitakiwa Jumamosi. Siku ya Jumatano Baba Pacha akainua majora mawili ya kitambaa kwa mpigo, kama kijana wa miaka ishirini. Kiuno kikalia kach! Akabaki ameinama pale pale, jora moja mkononi, jingine mguuni.

"Ushujaa umeisha?" mkewe akamuuliza.

"Usinichekeshe, inauma!"

Alhamisi maumivu yakateremka mpaka miguuni, miguu yote miwili. Mama Pacha akamchua kwa dawa, akamwekea chupa ya maji ya moto. Hakuwa na wasiwasi sana. Miaka mitatu nyuma mgongo huo huo ulimsumbua mumewe. Daktari alimpa vidonge vya maumivu na kumwambia atembeetembee, asilale kitandani siku nzima. Baada ya wiki tatu alikuwa mzima kabisa. Mgongo waliujua, wakadhani huu ni ule ule.

Ijumaa asubuhi Baba Pacha aliamka na habari njema.

"Mama Pacha, dawa yako kiboko! Mgongo bado unauma, lakini makalio yametulia kabisa. Sisikii kitu. Hata godoro silisikii."

"Si nilikwambia? Mikono hii ni ya kulipiwa," mkewe akajibu. Moyoni alijisikia fahari kwelikweli. Akamletea chai vikombe viwili, wakakaa kila mmoja kwenye cherehani yake.

Saa nne asubuhi akaingia muuguzi wa zahanati ya mtaa wao. Alikuja kujaribu gauni lake jipya la kazi kabla ya kuingia zamu.

"Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba, binti yetu," wakaitikia. Baba Pacha akainuka kwenda kulichukua gauni kwenye msumari. Akainuka kwa shida, akashika meza, akavuta mguu wa kushoto. Kandambili ikabaki nyuma, wala hakujua.

"Eh, Baba Pacha," muuguzi akasema. "Una pini hapo nyuma, kwenye suruali."

Mama Pacha akaangua kicheko. "Huyu ni mto wa pini anayetembea! Geuka nikutolee."

Akaishika pini akavuta. Ilikuwa imezama yote, kimebaki kichwa tu. Ilipotoka ikaacha tone la damu kwenye kitambaa. Mumewe hakushtuka. Alikuwa bado anahangaika kulishusha gauni.

"Umeshaitoa?" akauliza.

"Nimetoa. Hukusikia?"

"Aka! Fundi akiisikia kila pini, atashona saa ngapi?"

Mama Pacha akacheka tena. Muuguzi hakucheka. Alilipokea gauni, akaliweka mezani bila hata kulitazama.

"Baba, kaa kwanza. Nina maswali, na si ya gauni. Hapo ilipokuwa pini, hukusikia hata kidogo?"

"Hata kidogo. Dawa ya mke wangu hiyo."

"Na katikati ya mapaja, kule tunakokalia? Ukijigusa, unasikia?"

Baba Pacha akamtazama mkewe, kisha akatazama dari. "Pamekufa ganzi. Tangu alfajiri."

"Miguu je?"

"Huu wa kushoto umekuwa mkaidi. Nakanyaga pedali, unateleza. Wa kulia nao umechoka."

"Haja ndogo umepata leo?"

Baba Pacha akaanza kuikunja futi yake ya kupimia, akaikunja mpaka ikaisha.

"Sasa wewe binti, hilo nalo ni swali la kumuuliza mtu mzima?"

"Mimi nawauliza watu wazima hilo kila siku, baba. Ni kazi yangu. Nakuomba unijibu."

Mama Pacha akakumbuka. Tangu asubuhi mumewe alikwenda msalani mara tatu, na mara zote alikaa sana. Alidhani anakimbia kazi ya vifungo.

"Mume wangu," akasema kwa upole, "sema tu."

"Haitoki," akasema Baba Pacha. Sauti ilikuwa ndogo. "Najikaza haitoki. Nikadhani ni kwa sababu ya maumivu. Tumbo la chini limejaa, lakini hata hamu ya kwenda naisikia kwa mbali."

Muuguzi akavuta kiti akakaa mbele yao wote wawili.

"Nisikilizeni vizuri. Kufa ganzi si kupona. Dawa ya kuchua inapunguza maumivu, lakini haimfanyi mtu asisikie pini mwilini. Kuna mishipa ya fahamu inayopita chini ya mgongo. Hiyo ndiyo inayopeleka habari miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja. Nahofia imebanwa. Hii ni dharura, baba. Unatakiwa hospitali kubwa sasa hivi."

Mama Pacha akaitazama mikono yake. Mikono ile ile aliyojisifia asubuhi. Akaona aibu, akaona na hofu, na hofu ikawa kubwa zaidi.

"Mimi ndiye niliyemchua," akasema. "Nimemwumiza?"

"Hapana, mama. Hukujua. Maumivu mengi ya mgongo hupona yenyewe nyumbani, kama yale ya kwanza. Mtu anatembea taratibu, anatumia dawa ya maumivu, wiki chache yanakwisha. Hayahitaji mbio. Lakini ganzi sehemu za kukalia ni jambo jingine. Mkojo kukataa kutoka, au kutoka bila mtu kujua, ni jambo jingine. Haja kubwa vilevile. Miguu kuishiwa nguvu vilevile. Hata moja tu kati ya hayo likija pamoja na maumivu ya mgongo, hatusubiri."

"Je, mgongo ukiuma baada ya kuanguka?" Mama Pacha akauliza. Sasa alitaka kujua yote.

"Ukianguka vibaya, nenda. Ukiuma pamoja na homa, nenda. Kama mtu anakonda bila sababu, au aliwahi kuugua saratani, naye asikae nyumbani akichuliwa. Lakini leo tuzungumzie huyu hapa."

Huyu hapa alikuwa ameshageukia cherehani.

"Nimewaelewa," akasema. "Nitakwenda Jumatatu. Yamebaki makoti sita tu. Tena wale wa dharura wanapokea watu waliogongwa na magari. Mimi niingie pale na kiuno? Watanicheka."

"Baba, hapa tunahesabu saa, hatuhesabu siku," muuguzi akasema. "Mishipa ikikaa imebanwa, inaweza isirudi tena. Ukienda Jumatatu, pengine watakubeba, na hata mkojo hutaumudu tena maisha yako yote. Wakikucheka leo, wacha wacheke."

"Basi nimalizie hili moja lililo kwenye mashine."

Mama Pacha akainuka. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia, akaja mpaka kwenye cherehani ya mumewe, akaukata uzi.

"Umemaliza," akasema. "Makoti nitayashona mimi. Yakichelewa, yachelewe. Koti nitalipata jingine. Wewe nitakupata wapi?"

Baba Pacha akanyoosha mkono ili ainuliwe. Mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, utani ulimwishia.

Muuguzi akatoka nje kumwita dereva teksi wa kona. Yeye mwenyewe hakuweza kuwasindikiza, kwa sababu zahanati ilikuwa inamsubiri. Akawaagiza mlangoni: "Asile wala asinywe chochote njiani. Huenda wakamfanyia upasuaji. Chukueni dawa zake zote wazione. Na mkifika, msiseme mgongo unauma. Watu mia wanasema hivyo. Semeni ganzi, semeni mkojo, semeni miguu."

Wakafika. Idara ya dharura ilikuwa imejaa. Nyuma ya meza ya mapokezi alikaa karani mwenye kalamu mbili, moja mkononi, moja sikioni.

"Tatizo gani, mzee?"

Baba Pacha akatazama nyuma. Benchi lote lilikuwa linamsikiliza.

"Mgongo tu," akasema.

"Mgongo. Haya, kaa pale, utaitwa."

Wakaenda kukaa. Mbele yao walikuwa watu wasiopungua thelathini. Mama Pacha akamtazama mumewe. Alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka, mguu wa kushoto umelala kama si wake. Mama Pacha naye alikuwa na haya zake. Tangu azaliwe hakuwahi kulitamka jambo kama lile mbele ya wanaume wasiomjua. Lakini akaiona miguu ile, akainuka.

"Kaka yangu," akamwambia karani, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "mume wangu hajasema ukweli. Makalio yamekufa ganzi tangu alfajiri. Pini imemchoma hakusikia. Mkojo hautoki. Miguu inaishiwa nguvu. Imeanza leo!"

Benchi lote likageuka. Karani akaiacha kalamu. Hakucheka. Alimwita mhudumu wa ndani, na kabla Mama Pacha hajarudi kukaa, kitanda cha magurudumu kilishafika.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, mwenye mikono ya haraka. Alimgusa Baba Pacha kwa pamba, akamgusa kwa kitu chenye ncha, huku akimuuliza kila mara, "Hapa unasikia? Na hapa?" Akamwekea mpira wa kutoa mkojo. Mkojo ukatoka mwingi mno, na Baba Pacha akashusha pumzi ndefu. Kisha wakampeleka kwenye mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili.

"Kati ya mifupa ya mgongo kuna vitu laini, kama mito midogo ya kulalia," daktari akawaeleza. "Kimoja kimepasuka na kutoka nje, kimeikandamiza mishipa. Tunakwenda kukiondoa leo hii."

"Nitatembea, daktari?" Baba Pacha akauliza. Alikuwa ameushika mkono wa mkewe kwa nguvu zake zote.

"Umewahi, hilo ni jambo zuri. Mguu naupa matumaini makubwa. Kibofu huchukua muda, wiki au miezi, na siwezi kukuahidi. Tutajitahidi."

Jioni ile ile akapasuliwa. Mama Pacha alikaa kwenye korido, pochi mapajani, akijilaumu kwa kila kicheko alichocheka asubuhi. Walipomtoa, jambo la kwanza alilotazama ni shuka upande wa miguu. Kidole gumba cha kushoto kikacheza. Akalia hapo hapo, na nesi akampa kiti.

Makoti ya kiwanda cha mikate yalichelewa siku nne. Wenye mikate walikuja kumpa pole mgonjwa, wakaondoka na makoti yao.

Kwa wiki ya kwanza Baba Pacha alitembea kwa gongo la kuegemea. Wiki ya tatu akaliacha. Alijifunza kuinua jora moja moja, kwa kukunja magoti, na kila nusu saa mkewe alimfukuza kwenye kiti akanyooshe miguu. Lakini mpira wa mkojo ulibaki. Mara ya kwanza walipoutoa hospitali kumjaribu, mkojo haukutoka, wakaurudisha. Siku ile alirudi nyumbani, akala kidogo, akalala mapema. Mama Pacha hakumtania.

Hata hivyo, aliyekuwa na haya sasa hakuwa nazo tena. Fundi mwenzake akija ameshika kiuno, Baba Pacha alianza kumhoji: "Makalio unayasikia? Mkojo unatoka? Miguu ina nguvu? Basi nenda nyumbani, utembeetembee, utapona. Ukiona hata kimoja kinabadilika, usije hapa kwangu, wala usisubiri kesho. Nenda dharura, na ukifika useme kila kitu." Wengine walicheka. Mmoja hakucheka, akaenda kupimwa.

Wiki ya saba wakautoa mpira tena. Daktari akasema kama hadi mchana hajapata haja ndogo, warudi. Wakafika nyumbani asubuhi, akanywa maji, akangoja. Kwenye chumba cha mbele walikuwepo wateja watatu. Mmoja alikuja kupunguza suruali, wengine wawili walikuja na vitambaa vyao. Mama Pacha alikuwa anapima kiuno cha yule wa suruali, lakini akili haikuwa kwenye futi. Masikio yake yote yalikuwa uani.

Ghafla sauti ikapasuka kutoka msalani.

"Mama Pacha! Nimekojoa! Mwenyewe! Nimekojoa, mke wangu!"

Wateja wakatazamana. Mama Pacha futi ikamtoka mkononi. Akakaa juu ya rundo la vitambaa, akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka yule wa suruali akaanza kupiga makofi bila kujua anampigia nani.

Mama Pacha akajifuta macho kwa kanga ya mteja, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ile ile iliyofika mlangoni siku ile.

"Hongera, mume wangu! Sasa nawa mikono uje, kuna watu wanasubiri."