Bata Weupe Waliogeuka Kijani

Kila asubuhi kabla ya shule, mjukuu wangu Chiriku aliwafungulia bata wa bibi yake, nao wakateremka kuoga kwenye mfereji wa chini ya shamba. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Na bata walikuwa weupe pe. Bibi alijivunia wale bata kuliko mume wake, na mume mwenyewe ndiye mimi.

Kando ya mfereji nilimpa Chiriku tuta la kabichi. Nikamwambia, majani ya ukingoni usiyaguse. Wapi! Alitaka kabichi kubwa kuliko kichwa cha mwalimu wake. Akayafyeka, akapanda mpaka mdomoni mwa maji, akamwaga mbolea ya chumvichumvi kama anayewarushia kuku mtama. Mvua ikanyesha, jua likawaka, na bata, ehe, wakarudi kijani!

Sasa jirani yetu, ambaye hula kwetu kila siku, ni fundi rangi. Bibi akamfuata chini ya ngazi anakopaka, kesi ikaisha kabla ya kuanza.

"Shemeji, shuka kwenye ngazi! Kwa nini umenipakia bata wangu rangi?"

"Shemeji, mimi napaka kuta. Bata atatulia nimpake?"

"Na ndoo hiyo ya kijani?"

"Ya mlango wa shule!"

"Basi leo usije kula. Na mtaa mzima utajua wewe ni mtu gani!"

Fundi akainamisha kichwa. Chiriku kimya, mdomo ule! Alijua akisema, tuta lake kwaheri. Kisha akamvuta Bibi kanga.

"Bibi, si yeye. Ni mimi."

Akatupeleka mferejini. Maji yalikuwa na ute wa kijani, yananuka. "Mvua imesomba mbolea yangu, ikaotesha ute huu. Majani ya kuizuia niliyafyeka."

Bibi akatazama maji, akatazama bata, akakohoa. "Shemeji, samahani. Chakula kimeiva."

Tuta hakunyang'anywa. Alirudisha majani ukingoni, kabichi akazisogeza mbali na maji, mbolea akaweka kiasi, shinani tu. Taratibu maji yakatakata, na bata nao.

"Unaona, mjukuu," fundi akamwambia siku moja mezani, "rangi ikizidi inachuruzika mpaka sakafuni. Na mbolea ikizidi inakwenda kwa walio chini yetu mferejini, nao wana bata wao."

"Na kweli iseme mapema," Bibi akadakia, "mtu asije akanyimwa chakula bure."

"Kwa hiyo shemeji," fundi akasogeza sahani, "kwa kusingiziwa siku ile, siongezewi hata kijiko?"