Kimya cha Matanga ya Baba

"Wananchi wa Gongoni waliombwa maoni, Mwenyekiti. Hakuna aliyepinga."

Aliyesema hivyo ni Mangi, mchumba wangu, afisa wa kampuni iliyotaka leseni ya kuzalisha umeme wa gesi kando ya mashamba yetu. Suti aliyovaa nilimchagulia mimi, ya harusi.

Nilikuwa nyuma ya ukumbi na mama. Ninasomea sheria ya nishati, na nilitaka kuona kikao cha leseni kinavyoendeshwa.

"Mliwauliza wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Kwenye mkutano mkubwa, nyumbani kwa mzee Mwambire."

Mama akanishika mkono. "Mkutano gani, Priscilla? Babako alikuwa ndani ya jeneza!"

Nikawakumbuka wageni aliokuja nao Mangi siku ile. Walisimama matangani, wakatoa pole, kisha wakaeleza habari za mitambo na mabomba. Tulinyamaza. Kwetu mgeni akizungumza matangani hapingwi. Husikilizwa, akapewa chakula. Mangi ni Mgiriama kama sisi. Alijua.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Mangi, kutoka mbele ya ukumbi.

*Mpenzi, usisimame. Kazi hii ndiyo nyumba yetu.*

*Ulikuja kumzika baba au kutafuta leseni?*

*Vyote viwili. Tutaongea nyumbani.*

Nikasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mimi ni bintiye mzee Mwambire. Ule haukuwa mkutano, yalikuwa mazishi. Sheria inataka wananchi wapewe taarifa mapema, waulize, wajibiwe. Sisi tulikuwa tunalia, nao wakahesabu kilio chetu kuwa tumekubali."

Mwenyekiti akamgeukia mchumba wangu.

"Ni kweli, bwana Mangi?"

Alinitazama. Kisha akainamisha kichwa.

"Ni kweli."

Ombi likakataliwa. Kampuni ikaambiwa ianze upya, iwaendee wananchi kwa njia ya haki.

Nje, mamake Mangi alinisubiri, leso imekazwa kiunoni.

"Umemvua nguo mwanangu mbele ya watu! Bado hujaolewa, je, ukiolewa? Muombe radhi sasa hivi, au harusi hakuna."

Mangi alisimama kando, tai mkononi.

"Nakupenda, Priscilla. Sema neno moja tu, mama atulie."

"Nami nakupenda, Mangi. Ndiyo maana sauti ilinitetemeka mle ndani."

"Basi?"

"Basi ukitaka kunioa, anzia kaburini kwa baba. Mwambie ulichowaleta wageni wako kufanya."

"Na radhi?" mamake akang'aka.

"Mama, nakuheshimu. Lakini radhi siombi."