Mahali pa Nestor

Ikupa alimkuta mumewe sebuleni, amesimama wima, mkono wa kulia kauweka hewani, kimo cha bega la mtu aliyeketi. Hakuna aliyeketi pale.

"Baba Tulia, unafanya nini?"

Ackson alitabasamu bila kumtazama. Mkono haukushuka.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Juni 1993. Jana yake Ackson, mtunza bustani wa nyumba ya wageni ambako Ikupa alikuwa mpishi, alikuwa amepiga picha pamoja na Wafilipino. Hao walikuwa maofisa wa ubalozi waliokuja Tukuyu kila mwaka kupumzika na kupiga picha moja kwenye ngazi zilezile, kila mtu mahali pake. Siku zote walikuwa wanne. Safari hii walikuja watatu, wakasema Bwana Nestor kahamishwa. Bi Rosalinda, aliyejua Kiswahili, akamwomba Ackson avae koti lake la mitumba, asimame nyuma ya kiti alichokalia yeye Rosalinda, amwekee mkono begani kama Nestor alivyozoea.

"Tusione pengo tu," alisema.

Mchana ilianza harufu ya tope la mtoni na nguo zilizooza. Ikupa alipiga deki, akafungua madirisha. Harufu ilikuwa inatoka kinywani mwa Ackson. Alipojaribu kuushusha ule mkono aliuona mgumu na wa baridi, na kwenye ncha za vidole maji yakaanza kudondoka, tone kwa tone, maji yenye mchanga mweusi, naye akarudi nyuma mpaka ukutani huku mumewe akigeuza shingo polepole na kusema, kwa sauti isiyo yake, kwa Kiswahili cha kigeni, "Waliniachia mkono."

Mchungaji Asajile aliitwa. Aliomba mpaka kola ikalowa jasho.

"Toka, kwa jina la Yesu!"

"Niende wapi?" sauti ilijibu. "Mahali pangu mmemweka huyu."

Ikupa alikimbia hadi nyumba ya wageni. Rosalinda alikuwa anafunga mizigo.

"Mama, Bwana Nestor yuko wapi?"

"Kahamishwa."

"Yuko nyumbani kwangu."

Rosalinda alikaa kitandani. Mwaka jana, alinong'ona, siku ya pili baada ya picha, Nestor aliteleza kwenye mawe ya mto Kiwira, akamshika mkono.

"Alikuwa ananivuta, Ikupa. Nikamwachia. Tukakubaliana kusema ubalozini kwamba alienda mtoni peke yake, na hapa kwamba kahamishwa."

"Basi rudi kwenye ngazi. Mpe mahali pake."

"Siwezi. Nakuomba."

"Mlimwingiza kwa mume wangu. Mtamchukua."

Saa tisa, katika manyunyu, Ezron mpiga picha aliletwa kutoka mtaa wa Bulyaga. Wale Wafilipino wengine wawili walisimama pembeni, macho wameyafumba. Rosalinda alikaa, nyuma yake patupu. Kamera ilipoinuliwa, bega lake likashuka ghafla kama limetwishwa gunia, na kwenye kitambaa cha gauni zikatokea alama tano za vidole vilivyolowa.

"Piga," alinong'ona. "Piga haraka."

Wakati uleule Ackson alianguka, akatapika maji, kisha akauliza mchungaji anatafuta nini sebuleni kwake.

Wafilipino waliondoka jioni hiyo, Ikupa akiwatazama kutoka mlango wa jiko. Mmoja alikaa mbele. Wawili nyuma, Rosalinda upande wa kushoto. Dereva alisukuma mlango wa upande wa Rosalinda, haukufunga. Akasukuma kwa goti. Haukufunga.

Rosalinda, akilia bila sauti, akasogea katikati.

Mlango ukavutwa taratibu kutoka ndani.